Wazo Hili ni la Nani? Namna ya Kumtaja Mwenye Wazo kwa Kiswahili

Waingereza wana neno moja tamu la kutaja kitu kilichotoka kichwani mwa mtu fulani. Wamechukua ubongo, wakauunganisha na mtoto, basi: mradi, kampuni, kitabu au tamasha linakuwa "brainchild" ya fulani. Kwenye lekcha zetu, ambazo nusu yake ni Kiingereza na nusu iliyobaki ni jitihada za kuelewana, neno hilo halikauki. Shida inaanza pale unapotaka kusema jambo hilohilo kwa Kiswahili. Ukilitafsiri kama lilivyo utasema "mradi huu ni mtoto wa ubongo wa Juma", na msikilizaji atakuuliza Juma amelazwa wodi gani.

Hapo ndipo wengi wetu tunakimbilia kusema kwamba Kiswahili hakina neno. Kiukweli kinayo mengi, mengi kiasi kwamba tunayachanganya. Na kuyachanganya si jambo la mtihani wa sarufi peke yake. Neno unalochagua linaweza kumwonyesha mwenye wazo au kumfunika kabisa. Chuoni, ambako asaimenti nyingi ni za vikundi na alama zinagawiwa sawa kwa wote, jambo hili linaumiza watu kimyakimya. Ndiyo maana nimeona tuyapitie maneno haya moja moja, tuone yanavyokaa kwenye sentensi za kila siku, halafu tuone ni nani anayepotea tukiyatumia ovyo.

Wazo, maoni, hoja na zao la fikra

Tuanze na neno jepesi kuliko yote: wazo. Wazo ni kile kinachopatikana kwa kuwaza. Halihitaji kuwa kubwa. Mtu akisema "leo tupike chapati badala ya ugali", hilo ni wazo, na lina mwenyewe. Maoni ni kitu kingine: ni vile unavyoliona jambo ambalo tayari liko mezani. Hoja ni wazo au maoni yaliyobeba sababu zake. Angalia yanavyokaa pamoja:

"Wazo la kuhamishia sherehe jioni lilikuwa la Asha. Maoni ya wengi yalikuwa kwamba saa kumi na mbili ni kuchelewa. Hoja ya Asha ilikuwa kwamba jua la saa nane halivumiliki."

Ukiandika "Asha alitoa maoni kwamba sherehe ihamishiwe jioni", umempunguza. Umemfanya kuwa mmoja wa wachangiaji, wakati yeye ndiye aliyeliweka jambo mezani. Kwenye mihtasari ya vikao vya wanafunzi kosa hili liko kila ukurasa.

Jambo lingine dogo lakini la maana: "wazo la" hubeba kazi mbili. "Wazo la Asha" ni wazo alilolitoa Asha, ila "wazo la maktaba" ni wazo kuhusu maktaba. Ukiziweka zote mbili pamoja bila mpangilio unapata "wazo la maktaba la Asha", ambayo inasomeka kama maktaba ni ya Asha. Mtangulize mtu, kisha jambo: "wazo la Asha la kufungua maktaba usiku". Msomaji hapati shida.

Kwa mambo mazito tunayo "zao la fikra za". Kwa mfano: "Elimu ya Kujitegemea, falsafa iliyotangazwa 1967, ni zao la fikra za Mwalimu Nyerere." Sasa hebu tazama neno zao. Limetoka kwenye kuzaa. Kumbe mtoto yumo humohumo ndani ya Kiswahili, hatukuhitaji kumtoa Uingereza. Wahenga walishasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mtu ambaye wazo lake limebebwa na mwingine anaijua methali hii vizuri sana.

Angalizo tu: "zao la fikra" lina uzito. Linafaa falsafa, mtaala, chama, mradi wa miaka. Ukisema "chapati hizi ni zao la fikra za Rehema", watu watacheka, na pengine ndicho ulichotaka. Kama hutaki utani, sema "kupika chapati lilikuwa wazo la Rehema".

Kubuni na pande zake mbili

Kubuni ndilo kitenzi cha kwanza kinachotujia tukitaka kusema mtu ameleta kitu kipya. "Alibuni mtindo wa kusuka", "walibuni mchezo wa kufundishia herufi". Hata mashindano ya kitaifa ya MAKISATU, yaliyoanza 2019, yana neno ubunifu ndani ya jina lake. Ni sifa.

Lakini kitenzi hikihiki kinaweza kukupeleka kamati ya nidhamu. "Alibuni risiti" ni tuhuma. "Alibuni takwimu" ni tuhuma kubwa zaidi. "Nilibuni dodoso" ni sentensi nzuri kwenye sura ya tatu ya utafiti wako. "Nilibuni majibu ya dodoso" ni sentensi ya kukudisko. Kinacholeta tofauti ni kile kinachobuniwa. Kama ni kitu kinachotakiwa kutoka kichwani mwa mtu, kama mtindo, mchezo, mhusika wa hadithi, kubuni ni heshima. Kama ni kitu kinachotakiwa kutoka kwenye ukweli, kama risiti, habari, takwimu, kubuni ni udanganyifu.

Jirani yake mbaya ni kuzua na kuzusha. Mtu anazua jambo, mtu anazusha fununu, na uzushi ni habari isiyo na miguu. Waislamu wanalitumia neno uzushi pia kwa jambo jipya lililoingizwa kwenye dini bila msingi. Upya umo, lakini hapa hausifiwi. Kwa hiyo ukitaka kumsifu mtu kwa wazo lake, usiseme "amezua wazo", hata kama unamaanisha vizuri.

Na kuhusu jina la mtendaji: mbuni lipo, lakini huyo ni ndege mkubwa asiyeruka, na pia ni mti wa kahawa. Ndiyo maana watu wengi husema mbunifu. Hapa napo kuna mtego. "Yeye ni mbunifu" inaeleza tabia ya mtu. "Yeye ndiye aliyebuni" inaeleza tendo. Kiongozi wa kikundi anaweza kukusifu wiki nzima kwamba wewe ni mbunifu sana, halafu siku ya prezentesheni asiseme kwamba wewe ndiye uliyebuni. Umesifiwa, lakini haki yako haijatajwa.

Kugundua na kuvumbua

Kugundua kunahitaji kitu kiwepo kwanza. "Nimegundua pochi haipo." "Waligundua gesi baharini." Gesi ilikuwepo, wao wameifikia. Kwa hiyo mtu hagundui wimbo wala hagundui mtindo wa nguo, isipokuwa kama aliukuta kwenye sanduku la bibi yake.

Kuvumbua kuna historia nzuri zaidi. Kiswahili kina jozi za vitenzi ambapo kimoja kinafunga na kingine kinafungua: funika na funua, anika na anua, pachika na pachua. Vumbua ni mwenzake vumbika. Kuvumbika ni kufukia au kufunika kitu, kama tunavyovumbika ndizi mbichi ziive. Kuvumbua, basi, ni kukitoa nje kilichokuwa kimefunikwa. Ndani ya neno lenyewe kuna picha ya kitu ambacho tayari kipo chini, kinasubiri mkono. Matumizi ya leo yamelipanua: mvumbuzi ni yule anayefichua kilichokuwepo na pia yule anayetengeneza kisichokuwepo, kama mashine. Ukitaka kuwa salama, tumia kugundua kwa kilichokuwepo, kubuni kwa kisichokuwepo, na kuvumbua pale ambapo mtu amehangaika kutafuta hadi akafika.

Tofauti hii inaweza kufuta watu kwenye historia. Sote tumewahi kukutana na sentensi ya aina hii: "Johannes Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro 1848." Ukilichukua neno kwa maana yake, mlima ule haukujulikana hadi alipofika mmisionari kutoka Ujerumani. Wachagga walikuwa wakilima kwenye miteremko yake kwa vizazi, na waliujua hadi theluji yake. Sentensi ya haki ni hii: "Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro 1848 na kupeleka habari zake Ulaya." Tumebadilisha kitenzi tu, na wenyeji wamerudi kwenye picha.

Kuasisi, kuanzisha na kutunga

Kuasisi limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya msingi wa jengo. Asasi na taasisi ni ndugu zake. Mwasisi ni aliyeweka msingi ambao wengine wanaendelea kujenga juu yake. Mfano safi ni Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam 1968, akitumia rangi za baiskeli juu ya vibao, na alifariki 1972. Miaka minne tu. Wachoraji waliofuata wamechora picha nyingi kuliko alizowahi kuchora yeye, na wameongeza mambo yao. Kwa hiyo tunasema "mtindo huu uliasisiwa na Tingatinga", na tunasema "picha hii imechorwa na fulani". Sentensi zote mbili ni za kweli, hakuna inayomnyang'anya mwenzake.

Kuanzisha ni tofauti kidogo. Anayeanzisha ni anayekifanya kitu kianze, hata kama wazo si lake. "Mwenyekiti alianzisha klabu ya usomaji, wazo lilikuwa la katibu." Watu hudhani ukishasema mwanzilishi umeshamtaja mwenye wazo. Wala. Kuna mwenye wazo, kuna mwenye pesa, kuna mwenye ufunguo wa ukumbi. Wakati mwingine ni mtu mmoja, mara nyingi ni watatu.

Halafu kuna kutunga, ambalo kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote. Shanga hutungwa kwenye uzi. Samaki hutungwa kwenye mti. Wimbo hutungwa, sheria hutungwa, mtihani hutungwa, na mimba nayo hutunga. Ukiziangalia kwa pamoja unaona kitu kimoja: vipande vilivyokuwa vimetawanyika vinashikana na kuwa kitu kizima. Mtunzi hahitaji kuwa ametengeneza kila ushanga. Maneno yalikuwepo kabla yake, midundo ilikuwepo. Cha kwake ni uzi na mpangilio. Hii inatusaidia pale mtu anapobisha kwamba "hakuna jipya, kila kitu kilishasemwa". Ni kweli shanga ni za zamani. Mkufu ni wa nani?

Mfano wa M-Pesa

Tuchukue kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua bumu likitoka: kutuma pesa kwa simu. Ukiuliza "M-Pesa ni ya nani?" unapata majibu matano, na yote yana ukweli kwa sababu yanajibu maswali tofauti. Wazo la awali la kutumia simu kwa huduma za fedha lilitoka kwa Nick Hughes wa Vodafone, na serikali ya Uingereza ilichangia fedha. Susie Lonie alikwenda Kenya kusaidia kulifanya wazo lifanye kazi. Majaribio yalianza 2005, yakilenga watu kulipia mikopo midogo. Safaricom ilizindua huduma yenyewe Machi 2007. Na watumiaji? Wao, wakati wa majaribio, walianza kutumiana pesa kwa mambo yao wenyewe, na matumizi hayo ndiyo yaliyokuja kuwa roho ya huduma.

Sasa angalia vitenzi: wazo lilitoka kwa, ilifadhiliwa na, iliundwa na, ilizinduliwa na, watumiaji waligundua matumizi mapya. Kila mtu ana kitenzi chake. Mwandishi mvivu atasema "M-Pesa ilibuniwa na Safaricom" akafunga kitabu. Sentensi fupi, lakini imewameza watu wengi, wakiwemo mama ntilie na makuli ambao hawatatajwa popote.

Mwanafunzi aliyeuliza swali

Hakuna habari inayonigusa kama mwanafunzi wa ualimu kuliko ya Erasto Mpemba. 1963 alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Utaratibu ulikuwa kuchemsha, kuacha yapoe, ndipo uweke kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa inakwisha, Mpemba akayaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa kule Iringa, aliuliza tena, na jibu alilopata lilikuwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likalifanya utani.

Siku moja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, alitembelea shule ile. Mpemba akasimama, akauliza swali lake mbele ya wenzake waliokuwa wanacheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni, jambo likajaribiwa, na 1969 makala ikachapishwa kwenye jarida la Physics Education. Majina yaliyowekwa juu ya makala yalikuwa mawili: Mpemba na Osborne. La mwanafunzi lilitangulia.

Je, Mpemba alibuni? Hapana, maji hayakumsubiri yeye. Aligundua? Hapa inabidi tuwe waangalifu, kwa sababu Aristotle, Francis Bacon na René Descartes waliwahi kuandika jambo la namna hiyo karne nyingi kabla, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu yake, wengine hata kuhusu kama hutokea kweli. Sentensi inayomtendea haki ni hii: "Mpemba aliliona jambo hili mwenyewe, akaling'ang'ania swali lake hadi likachunguzwa." Kile kilichokuwa chake kabisa ni swali. Na dunia imelipa jambo lenyewe jina lake: athari ya Mpemba. Maneno yaliyotumika kumcheka, "ya Mpemba", yakageuka kuwa ndiyo heshima yake.

Osborne angeweza kuandika "ilionekana katika shule moja kwamba maji ya moto huganda mapema". Isingekuwa uongo. Lakini leo hii tusingelijua jina la yule kijana.

Sarufi inayoficha watu

Sentensi hiyo ya "ilionekana" ndiyo inayotumaliza chuoni. Kiswahili kina njia mbili nyepesi sana za kumficha mwenye wazo bila kusema uongo. Ya kwanza ni kauli ya kutendwa bila kumtaja mtendaji: "ilipendekezwa", "ilibuniwa", "ilionekana". Ya pili ni kile kiambishi kidogo tu-: "tulibuni", "tuliona", "tukaamua". Tu- ni kiambishi cha upendo, cha umoja. Ni kiambishi pia cha kubebwa.

Muhula uliopita, kwenye kozi ya mbinu za kufundisha hisabati, kikundi kimoja darasani kwetu kilileta zana ambayo kila mtu aliipenda: vizibo vya soda vilivyotobolewa na kutungwa kwenye uzi kumi kumi, pamoja na vingine vilivyoachwa huru, ili mtoto ashike kwa mkono wake tofauti ya makumi na mamoja. Aliyewasilisha alisema "tulibuni zana hii" na "ilionekana kwamba vizibo ni rahisi kupatikana". Mhadhiri akauliza: mtoto akiwa na vizibo huru kumi na mbili afanye nini? Msemaji akakwama. Akajibu dada mmoja wa nyuma, kwa ufasaha, hadi na namna ya kumwacha mtoto afunge kumi mwenyewe. Mhadhiri akauliza wazo lilikuwa la nani. Msemaji akasema, "La kwetu sote."

Huyo dada ni mwenzangu wa chumbani, kwa hiyo najua alivyolala siku ile. Alama alipata kama wenzake, na alama zilikuwa nzuri. Hakulalamika popote. Alichoniambia ni kwamba kikao kijacho atafanya atakachopangiwa, mawazo yake atabaki nayo. Na alifanya hivyo. Kikundi kilichofuata kilipata mtu mnyenyekevu anayechapa kazi vizuri, na hawakujua walichokikosa.

Kuna watakaosema hii ni choyo ya wasomi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tumelelewa kwenye ngano na methali ambazo hazina jina la mtunzi. Tunasema tu "wahenga walisema". Hoja hii ina uzito, siidharau. Lakini wahenga hawatafuti ajira na hawajazi barua ya maombi wakieleza walichokifanya chuoni. Na umoja wa kweli hauogopi kutaja majina. Sentensi kama "wazo lilikuwa la Neema, tukaliboresha wote" haimdhulumu mtu. Imemtaja aliyeanza, na imewataja walioendeleza. Kiswahili kinavyo vitenzi vya hao wa pili: kuboresha, kuendeleza, kukamilisha, kutekeleza. Hakuna anayebaki bila kitenzi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sheria haitatusaidia sana

Wapo wanaodhani mambo haya yamaliziwe na hakimiliki. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ni muhimu kwa waandishi na wanamuziki. Ila hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoandikwa, kuchorwa au kurekodiwa. Haililindi wazo lenyewe likiwa bado hewani. Hataza nayo hulinda uvumbuzi uliokamilika na kusajiliwa, na si rahisi wala si bure. Wazo la vizibo lililosemwa kwenye kimbweta saa mbili usiku halina hataza. Desa la mwenzako ulilolinakili neno kwa neno ni wizi wa kitaaluma, chuo kina kanuni zake. Lakini wazo lililosemwa kwa mdomo linalindwa na kitu kimoja tu: watu waliolisikia, na sentensi wanayochagua kusema kesho yake.

Siku hizi limeongezeka swali la akili unde. Ukiiuliza programu ikupe mada kumi za utafiti, ukachagua ya saba, usiseme "nilibuni mada". Sema "niliipata mada kwa msaada wa akili unde, nikaipunguza iendane na shule za wilaya yangu". Kama sehemu ya pili ni ya kweli, hiyo ndiyo kazi yako na haina aibu yoyote.

Tutakapokuwa mbele ya darasa

Nimesema mwanzoni kwamba tutaangalia nani anapotea. Anayepotea zaidi ni mtoto wa darasa la tatu. Hebu fikiria umeandika ubaoni 98 + 47. Umefundisha kubeba, kama kitabu kinavyosema. Mtoto mmoja ananyoosha mkono, anasema yeye amechukua mbili kutoka kwenye 47 akazipa 98, ikawa 100 + 45, jibu 145. Una sentensi tatu za kuchagua. "Vizuri, lakini fuata njia ya kitabu" inalizika wazo. "Vizuri, kuna njia nyingine pia" inalichukua wazo na kumwacha mwenyewe. "Tuijaribu njia ya Zawadi kwenye 97 + 36" inamwambia mtoto, na darasa zima, kwamba kichwa chake kinaweza kuzaa kitu kinachoandikwa ubaoni.

Hiyo ya tatu haigharimu chaki ya ziada. Na haihitaji istilahi ngumu, ni "ya" tu pamoja na jina la mtu.

Kwa sisi ambao bado tuko chuoni, napendekeza jambo moja la vitendo. Kundi letu la muhula huu lilikubaliana kuweka aya fupi mwishoni mwa kila kazi, mistari minne au mitano, yenye kichwa "Mchango wa kila mmoja". Pendekezo hilo lilitolewa na kijana mmoja mpole wa mwaka wetu, na aliyeiandika aya ya kwanza ni katibu. Ilisomeka hivi: wazo la mada lilitoka kwa fulani; fulani alitunga maswali; fulani na fulani walikusanya majibu; fulani aligundua kosa kwenye jedwali la pili; wote tulihariri. Ilituchukua dakika kumi. Kulikuwa na ubishi kidogo kwenye neno "alitunga", kwa sababu maswali mawili yalikuwa ya mtu mwingine. Tukarekebisha, tukaandika "alitunga maswali matano, na mwenzake mawili". Kisha tukaenda kula.